Mwongozo wa maadili ya walimu wa skuli: uandikweje hata ufanye kazi?

Mwalimu wa Zamu, Wete

Assalaam alaykum walimu wenzangu.

Skuli yetu ni ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, shehia ya shamba katika Wilaya ya Wete. Kamati ya skuli na mwalimu mkuu wameagiza uandikwe mwongozo wa maadili ya walimu, usizidi kurasa tatu, usomwe na utiwe saini kabla kambi ya mitihani haijaanza. Rasimu iliyopo ina maneno kama haya: "Mwalimu awe kigezo chema kwa jamii", "Mwalimu avae mavazi ya heshima", "Mwalimu ajiepushe na mahusiano yasiyofaa na wanafunzi". Kila mtu ofisini anakubali, na hakuna anayejua kesho asubuhi abadilishe nini.

Ubishi umezuka hasa kwenye haya: tuisheni ya malipo kwa wanafunzi wetu wenyewe, ujumbe wa WhatsApp usiku, kambi, bakora, zawadi za wazazi, na lililo zito kuliko yote, tuhuma ikija mezani tuanzie wapi. Wapo wanaosema kengele ya mwisho ikishalia maisha ya mwalimu ni yake, skuli haina neno. Wapo wanaosema mwalimu ni mwalimu hata akiwa dago, kwenye kambi ya wavuvi. Anayejua kazi hii atusaidie kwa maneno ya kutumika.

Kalamu ya Chake

Wa alaykum salaam mwalimu. Nianze na mamlaka, maana rasimu nyingi huharibika hapo.

Msinakili nyaraka za Bara. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Yaliyomo kwenye orodha ya Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo ile Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 2015 ni ya Bara, haimhusu mwalimu wa Pemba. Nimeona rasimu za skuli za huku zinamtishia mwalimu kwa tume isiyokuwa na uwezo juu yake. Mwalimu akishaligundua hilo, na vifungu vingine vyote anavidharau.

Kwenu nyinyi shikeni hizi: Sheria ya Elimu (chukueni toleo linalotumika sasa kutoka ofisi ya elimu ya wilaya, msitegemee nakala ya kabatini), Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 pamoja na kanuni zake, Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, na Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018. Skuli ya binafsi inaongeza mkataba wa kazi na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005.

Pili, mwongozo wa skuli hauundi adhabu. Kamati haina uwezo wa kumkata mwalimu mshahara, kumtoza faini wala kumfukuza. Andikeni mwalimu afanye nini na asifanye nini, nani anapokea taarifa, na taarifa inakwenda wapi siku gani. Adhabu waachieni wenye mamlaka nayo.

Tatu, namna ya kuandika. Kila kifungu kipimwe kwa swali moja: mtu wa tatu akisimama mlangoni ataweza kuona kama kimevunjwa? "Ajiepushe na mahusiano yasiyofaa" hakionekani, kwa sababu kila mmoja ana lake analoliona halifai. Andikeni hivi: "Mwalimu hatakutana na mwanafunzi mmoja peke yake katika chumba kilichofungwa mlango." Hiki kinaonekana. "Atunze muda" kiwe: "Mwalimu wa zamu atakuwa langoni robo saa kabla ya kengele ya kwanza, na atasaini kitabu cha zamu akiingia na akitoka."

Na tumieni neno "mwanafunzi", msitumie "mtoto" peke yake. Kwa Sheria ya Mtoto, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kidato cha nne mna wanafunzi wa miaka 18 na 19, na mtu mwenye nia mbaya atawaambia huyu si mtoto tena. Uwezo wa mwalimu juu yake haupungui siku anapotimiza miaka 18, kwa sababu alama zake, ripoti yake na nafasi yake ya kufanya mtihani bado zimo mikononi mwa huyo mwalimu. Kifungu kiseme: mwanafunzi yeyote wa skuli hii, wa umri wowote, mwanamke au mwanamme.

Kuhusu nje ya skuli, pande zote mbili zimepitiliza. Kipimo chenu kiwe kama jambo lenyewe linamgusa mwanafunzi, linagusa mtihani, au linatumia jina la skuli kupata faida. Likigusa moja ya hayo, linawahusu hata likitokea usiku wa Idi. Lisipogusa, liacheni. Ndoa ya mwalimu, madeni yake, timu yake, msikiti anaoswali na kura yake si mambo ya kuandikwa kwenye mwongozo. Chama akipende akiwa kwake. Darasani asivae nguo ya chama, na wanafunzi wasitolewe skuli kwenda kujaza mkutano wa mtu.

Bi Hesabati

Naomba niseme la tuisheni, kwani wengi wanalitazama kama suala la kipato tu.

Mwalimu akimfundisha kwa malipo mwanafunzi yule yule anayemfundisha asubuhi, ana faida ya moja kwa moja ya somo la asubuhi kutokamilika. Hata akiwa mtu mwema. Mada ngumu inasogezwa jioni, mifano mizuri inasogezwa jioni, na swali la jaribio la Ijumaa linatokea kwenye daftari la tuisheni la Jumatano. Asiyelipa anafeli, mzazi wake anakopa ili alipe. Mwalimu hakumlazimisha mtu, ila darasa zima limejua.

Kukataza kabisa hakutawasaidia. Tuisheni itahamia sebuleni kwa mwalimu, na huko ndiko kubaya zaidi. Bora iwekewe masharti:

Mwalimu asipokee malipo kutoka kwa mwanafunzi wa mkondo anaoufundisha yeye. Afundishe wa mkondo mwingine au wa skuli nyingine. Skuli ndogo yenye mwalimu mmoja tu wa Fizikia haiwezi sharti hili, basi hapo masomo ya ziada yawe ya skuli: kamati iweke kiwango, mweka hazina apokee na kutoa risiti, mwalimu alipwe na kamati, na wasiojiweza waingie bure kwa orodha inayojulikana na mwalimu mkuu peke yake.

Mahali pawe darasani au kituo kinachojulikana, madirisha wazi. Isiwe nyumbani kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi. Kipindi kimalizike mapema kiasi cha mtoto wa mbali kufika kwao kabla ya magharibi. Mwanafunzi wa mwisho asibaki peke yake na mwalimu akisubiri kuchukuliwa, na hili andikeni wazi, kwa sababu ndiyo dakika ishirini ambazo hakuna anayezihesabu.

Jaribio la skuli litungwe na mwalimu mwingine, au angalau lipitiwe na mkuu wa somo kabla ya kuchapwa. Kusahihisha kuwe kwa namba, jina lifunikwe. Mwalimu mwenye mwanawe, mdogo wake au mtoto wa nduguye darasani aseme mapema, na karatasi ya huyo isahihishwe na mwingine. Pemba hii mtu ana ndugu kila darasa. Kusema mapema si aibu, na kunamlinda mwalimu mwenyewe siku mtoto wa nduguye akiongoza.

Kwa mitihani ya nje, ya Baraza la Mitihani la Zanzibar na ile ya kidato cha nne ya NECTA, msitunge kanuni zenu. Masharti ya wasimamizi yapo, yaambatisheni kama yalivyo. Ongezeni moja tu: mwalimu wa somo asiwepo karibu na chumba cha mtihani siku ya somo lake, hata kwa kuleta maji.

Mshauri Nasaha

Nimesoma mpaka hapa nikaona bado hatujafika kwenye kiini.

Anayemdhalilisha mwanafunzi haanzi na kosa kubwa. Anaanza na sifa za peke yake: "wewe una akili kuliko wenzako." Halafu vocha, daftari, nauli. Halafu kazi ndogo: mpelekee mkoba nyumbani, mchotee maji, msaidie kupanga karatasi baada ya wenzake kuondoka. Halafu ujumbe wa usiku usiokuwa wa masomo. Halafu siri: "usimwambie mtu, watakuonea husda." Mpaka linatokea lililo kosa la jinai, mtoto ameshafanywa ajione mshiriki. Kwa hiyo mwongozo unaosema "ni marufuku kufanya mapenzi na mwanafunzi" umechelewa, kwani hilo sheria ishalikataza. Kazi ya mwongozo ni kuzikata zile hatua za mwanzo, zinazoonekana na ambazo mwenzake anaweza kumwambia mapema, "mwalimu, hili hatukukubaliana."

Vifungu ninavyovipendekeza:

Mwanafunzi hatumwi nyumbani kwa mwalimu kwa kazi yoyote. Hafui, hachoti maji, halei mtoto wa mwalimu.

Mazungumzo ya faragha ya ushauri nasaha yafanyike mahali panapoonekana lakini pasiposikika: barazani, chini ya mti ulio mbele ya ofisi, au chumba chenye dirisha lisilo pazia. Mwanafunzi akae karibu na mlango, mwalimu asikae kati yake na mlango.

Mwalimu hampakii mwanafunzi mmoja kwenye vespa, bodaboda au gari yake. Kukiwa na dharura ya ugonjwa wawepo watu wazima wawili, na mzazi apigiwe kabla ya kuondoka. Iandikwe kwenye kitabu cha zamu: saa, sababu, nani alikwenda.

Zawadi kwa mwanafunzi zitolewe hadharani na kwa sababu inayojulikana. Mwalimu anayetaka kumsaidia maskini sare au nauli ampe kupitia kwa mwalimu mkuu au kamati. Akikataa njia hiyo, muulizeni kwa nini.

WhatsApp. Kumbukeni wanafunzi wengi hawana simu zao, wanatumia ya mama au ya kaka. Ujumbe wa mwalimu wa saa nne usiku unafunguliwa na mtu mwingine, na hata ukiwa wa hesabati tupu unaleta shaka ndani ya nyumba. Kundi lifunguliwe na skuli, lisimamiwe na walimu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamme, na mwalimu mkuu awemo. Mwisho wa kuandika uwe saa mbili usiku. Mwalimu haanzi mazungumzo ya pembeni na mwanafunzi. Mwanafunzi akimuandikia yeye pembeni, ajibu kwenye kundi au ampigie mzazi, na ujumbe asiufute. Ile njia ya kuufanya ujumbe ujifute wenyewe isitumike. Alama zisibandikwe kwenye kundi kwa majina. Mtoto wa mwisho anajulikana kijiji kizima kabla ya isha. Picha za wanafunzi zipigwe kwa shughuli ya skuli tu, na mwalimu asiziweke kwenye kurasa zake binafsi.

Sasa lipo tatizo la visiwani ambalo rasimu zilizonakiliwa kutoka kwengine hazilioni. Mwalimu huyu huyu ni mjomba wa mwanafunzi, jirani yake, na jioni ndiye ustadhi wake chuoni, yaani madrasa. Mkiandika "mwalimu asikutane na mwanafunzi nje ya skuli", mmeandika kisichowezekana, na kitavunjwa siku ya kwanza na watu wema. Andikeni uwazi badala ya umbali: mwalimu mwenye undugu au shughuli nyengine na mwanafunzi aliseme kwa mwalimu mkuu, na masharti ya faragha, usafiri na ujumbe yabaki vile vile popote walipo.

Kambi ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu watoto wanalala nje ya kwao na walimu wamechoka. Msianze kambi kama haya hayajatimia. Dakhalia (mabweni) za wanawake na wanaume ziwe majengo mawili, si pande mbili za ukumbi mmoja wenye pazia. Upande wa wanawake wawepo watu wazima wanawake wasiopungua wawili usiku kucha, ili mmoja akitoka na mgonjwa abaki mwengine. Upande wa wanaume vile vile wawili, kwani wavulana nao hudhalilishwa, na wao husema kwa uchache zaidi. Kila mmoja na godoro lake, hakuna kulala wawili. Taa ya njia ya chooni iwake mpaka asubuhi. Daftari la majina lisomwe mara tatu: baada ya isha, saa nne wakati wa kulala, na alfajiri. Mwalimu mwanamme haingii dakhalia ya wanawake ila kwa moto au hatari ya namna hiyo, na akiingia aandike. Anayemchukua mwanafunzi awe ameandikwa na mzazi kwenye fomu tangu siku ya kwanza. Asiyeandikwa hapewi, hata akisema ni ami yake.

Na wote wanaolala au kufanya kazi kambini watie saini: wapishi, walinzi, madereva, na vijana waliomaliza juzi wanaokuja kujitolea kufundisha. Hawa wa kujitolea ndio husahaulika kuliko wote. Wana umri karibu na wanafunzi, hawana faili popote, na mamlaka ya mwalimu wanayo.

Mwalimu wa Zamu, Wete

Nakushukuruni sana. Hili la "mwanafunzi" badala ya "mtoto" na la wanaojitolea hatukuwa nalo kabisa.

Bado bakora na tuhuma. Baadhi ya wazazi kwenye kamati wanasema wameshatoa ruhusa, na mmoja katukumbusha maneno ya wazee, nyama yako mifupa yangu. Juu ya tuhuma, pendekezo la rasimu ni kwamba mwalimu mkuu aite pande mbili kwanza, asikilize, kisha aamue kama linakwenda mbele.

Kalamu ya Chake

Bakora nalijibu kwa ufupi. "Viboko vinne na daftari la kusaini" vinavyonukuliwa kila mahali ni kanuni za Bara za 2002. Huku Wizara ya Elimu imekuwa ikihimiza adhabu mbadala kwa miaka mingi, na Sheria ya Mtoto inamkinga mtoto na mateso. Ruhusa ya mzazi haimpi mwalimu uwezo ambao mzazi mwenyewe hana: mzazi naye akimjeruhi mwanawe anashitakiwa.

Kofi la sikio linapasua ngoma ya sikio. Bakora ya vidole inavunja vifupa, na kupigishwa magoti juani saa sita kunaangusha watoto, hasa mwezi wa Ramadhani. Andikeni hayo kwa majina yake, kwani mwalimu anayejizuia bakora huhamia kwenye kofi na jua akidhani ametii.

Kisha wekeni cha kufanya badala yake, la sivyo mwalimu atabaki mikono mitupu na wanafunzi arubaini na tano. Daftari la nidhamu lenye safu nne: kosa, sababu aliyoitoa mwanafunzi, hatua, saini ya mwalimu. Kosa la kwanza maneno ya faragha. La pili kazi inayohusiana na kosa (aliyechafua asafishe, aliyekosa kazi ya nyumbani aimalize skuli kabla ya kwenda). La tatu mzazi aitwe kwa barua. Baadaye mshauri nasaha. Safu ya sababu msiipuuze. Msimu wa karafuu utaona majina yale yale yanachelewa, na mkiyasoma pamoja mtajua kwamba tatizo liko shambani kwa mzazi, na bakora haitalifikia.

Hifadhi ya Mtoto, Unguja

Mwalimu, kile kifungu cha kuita pande mbili kifuteni leo. Nasema kwa msisitizo kwa sababu ndicho kinachoua kesi nyingi kabla hazijafika polisi.

Mkimkalisha mwanafunzi mbele ya mwalimu anayemtuhumu, mmempa mtuhumiwa habari, muda na nafasi ya kumtisha. Ushahidi unapotea, simu zinafutwa, familia zinaanza kupatanishwa. Muhali unaingia: ni jirani, ni ndugu, tutaozeshana, tusitie skuli aibu. Miezi michache baadaye shahidi hatokei mahkamani. Tangu 2021 zipo mahkama maalumu za makosa ya udhalilishaji, lakini mahkama haiwezi kuhukumu bila ya mashahidi.

Andikeni utaratibu huu, na ubandikwe ofisini.

Mtu mzima wa kwanza kuambiwa anasikiliza na kuuliza swali moja lililo wazi: "Nieleze kilichotokea." Haulizi "mwalimu fulani alikushika?" Swali lenye jibu ndani yake linamtia mtoto maneno, na wakili wa utetezi atalitumia. Haahidi siri, anasema, "Nitawaambia wanaoweza kukusaidia tu." Mtoto asirudishwe kueleza kwa mwalimu wa darasa, kisha mshauri, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati. Mara moja, na mtu mmoja.

Papo hapo anaandika tarehe, saa, mahali, na maneno ya mwanafunzi kama alivyoyatamka, hata yakiwa ya kitoto. Maoni yake asiyaandike.

Mwalimu mkuu anaarifiwa saa ile ile. Yeye hachunguzi, anapeleka taarifa siku hiyo hiyo polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na kwa Afisa Elimu wa Wilaya kwa maandishi. Kwa Pemba nakala iende ofisi ya Afisa Mdhamini wa Wizara ya Elimu. Mzazi anaarifiwa, isipokuwa tuhuma yenyewe inamgusa mtu wa nyumbani. Hapo ustawi wa jamii watangulie. Mtuhumiwa akiwa ni mwalimu mkuu, aliyeambiwa anaruka ngazi hiyo na kwenda moja kwa moja, na mwongozo useme hivyo waziwazi. Namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo, ibandikwe madarasani.

Likiwa ni tendo la karibuni, hospitali haisubiri. Dawa za kinga ya VVU zinafaa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ikipita uwezo wake unapungua. Asioge, asibadilishe nguo. Akiwa ameshabadilisha, kila nguo iwekwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unahifadhi unyevu, nguo inaota ukungu, na ushahidi unaharibika. Vituo vya Mkono kwa Mkono vipo hospitalini, pamoja na cha Mnazi Mmoja kwa Unguja na cha Chake Chake kwa Pemba, na huko daktari, polisi na mshauri wako pamoja ili mtoto asizungushwe. Fomu ya polisi ya PF3 inahitajika kwa kesi, lakini kukosekana kwake kusimcheleweshee mtoto matibabu.

Mtuhumiwa naye ana haki zake, na mwongozo uzitaje. Jina lake halisambazwi kwenye makundi. Mwalimu mkuu anamuondolea zamu, kambi na shughuli za kukutana na wanafunzi huku akisubiri maelekezo; kumsimamisha kazi ni kwa mamlaka ya utumishi, si kwa mwalimu mkuu. Atapewa tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujibu. Fahamuni pia kwamba njia ni mbili na hazisubiriani: ya jinai iliyo polisi, na ya nidhamu ya utumishi. Mtu anaweza kuachiwa na mahkama kwa upungufu wa ushahidi na bado akawa amevunja masharti ya kazi, kwa mfano kumlaza mwanafunzi nyumbani kwake.

La mwisho hapa: uhamisho si suluhisho. Kumtoa Wete kumpeleka Mkoani, au kumvusha bahari kuja Unguja, ni kuwapelekea hatari watoto wasiojua chochote. Kamati isiombe hilo, na ikiombwa iunge mkono, ikatae kwa maandishi.

Kuhusu hofu ya mwalimu kusingiziwa, ipo na si ya kupuuzwa. Ila tazama, vifungu vya Mshauri Nasaha ndivyo ngao yake. Mwalimu ambaye hajawahi kufunga mlango, hajaandika ujumbe wa pembeni, na safari zake zote zimo kwenye kitabu cha zamu, ana mashahidi kabla hajatuhumiwa.

Bi Hesabati

Zawadi bado. Mzazi kuleta muhogo, embe au ndizi kwa ofisi nzima baada ya matokeo ni ada yetu, msiigombe. Kinachokatazwa ni fedha, kitu chochote kabla ya matokeo au uteuzi wa wanafunzi, na kitu anachopewa mwalimu mmoja kwa siri. Wekeni daftari la zawadi lenye jina, kitu na tarehe. Anayedai kitu ili atoe alama, ripoti au nafasi ya kambi huyo si wa kuandikwa kwenye daftari, ni wa kupelekwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar.

Michango vile vile. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na mzazi akiombwa fedha skuli ana haki ya kujua nani kaidhinisha. Mwalimu asikusanye fedha mkononi bila ya barua ya kamati na risiti, hata ikiwa ni ya kuchapa jaribio. Na asiwauzie wanafunzi wake ubuyu na kashata darasani, au kumpa mwanafunzi kapu amuuzie wakati wa mapumziko. Anayeuziwa na mwalimu wake hana uhuru wa kusema sitaki.

Mshauri Nasaha

Utiaji saini. Rasimu ipitishwe kwanza kwa walimu wenyewe na tawi la chama chao, ZATU, kabla ya kamati kuidhinisha. Pendekezo la ILO na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu linataka maadili ya kazi yawekwe na vyama vya walimu wenyewe, na kwa kazi ya kila siku faida yake ni kwamba hakuna atakayesema nimeletewa. Mwongozo usomwe kwenye kikao kizima, kifungu kwa kifungu, kila kimoja na mfano wake. Nakala tatu: ya mwalimu, ya faili la skuli, ya ofisi ya elimu ya wilaya. Urejewe kila Januari skuli zikifunguliwa, na anayejiunga katikati asaini kabla ya kuingia darasani siku ya kwanza.

Tengenezeni na karatasi moja ya wanafunzi, kwa maneno yao: mwalimu haruhusiwi kukufanyia haya, akifanya mwambie fulani au fulani au piga 116. Majina yawe mawili kwa uchache, mmoja mwanamke. Sanduku la maoni lisiwekwe mbele ya ofisi ya walimu, hakuna atakayelisogelea. Liwekwe njia ya chooni au ya maktaba. Liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mshauri nasaha, mwengine kwa mjumbe wa kamati asiyekuwa mwalimu, na lifunguliwe mara mbili kwa wiki.